Kitanda cha Mgeni Rasmi

Yudith aliapa kwamba habebwi tena. Kiapo alikila Mikumi, kando ya barabara kuu anakowauzia vitunguu madereva wa malori, siku aliyotoka kliniki akiwa amefura kwa hasira. Wanaume wawili walikuwa wamemnyanyua kutoka kwenye kiti mwendo chake na kumpandisha kwenye kitanda kirefu, gauni likapanda mapajani, na mmoja akaguna, "Huyu mama mzito, jamani." Mizani ndiyo usiseme. Ilikuwa ya kusimama, na miguu yake haijasimama tangu utotoni, hivyo uzito wake waliukadiria kwa macho kama wa mbuzi mnadani. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na kliniki hakurudi.

Mimba ikafika miezi minane. Mkunga mmoja, mteja wake wa vitunguu, akampapasa tumbo palepale kibandani, akakunja uso.

"Sina hakika kichwa kiko wapi, Yudith. Mtoto akikaa vibaya ni hatari. Lazima ulale upimwe. Kilosa wameletewa kitanda kinachoshuka mpaka usawa wa kiti chako."

Elia, mumewe, alikuwa safarini na lori kuelekea Tunduma. "Nani atakubeba huko?" aliuliza kwenye simu kwa unyonge. Aliyemsindikiza ni baba mkwe wake, mzee Melkizedek, aliyetoka Kisanga na koti lake la kanisani. Mzee alimpenda sana mkwewe, lakini kwa mila zao baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani hata mkono. Salamu zenyewe walipeana kwa mbali. Kwenye taksi mzee alikaa mbele na Yudith akajipandisha mwenyewe nyuma.

Pale kwenye kituo cha afya, ambacho jina lake tulisitiri, kitanda kilikuwepo kweli. Kimefungwa nailoni kote, na utepe mwekundu umezungushwa juu yake. Muuguzi Regina akakipita, akaelekea kwenye kile cha zamani, kirefu.

"Na hiki?" Yudith akauliza.

"Hiki hakijazinduliwa, dada yangu. Tunamsubiri mgeni rasmi."

"Anakuja lini?"

"Tarehe haijapangwa."

Makubwa hayo. Kitanda cha wagonjwa kimewekwa kama vile vikombe vya kabatini ambavyo watoto wa nyumba hukua bila kuvinywea chai. Regina mwenyewe aliona aibu, akaharakisha mambo. "Mzee, mshike bintiyo miguu, mimi nitashika mabega."

Melkizedek akarudi nyuma, akavua kofia. "Muuguzi, huyu ni mkwe wangu."

Regina alikuwa ameolewa kwenye mila hizohizo, akaelewa mara moja. "Nisamehe, baba. Basi nimwite mlinzi."

"Sibebwi," Yudith akasema. Alitaka kujua kichwa cha mwanawe kiko wapi kuliko alivyotaka kitu chochote. Lakini alijijua: akibebwa leo, hatarudi tena, hata siku ya kujifungua. "Nipime hapahapa kitini, au nirudi zangu Mikumi."

"Kitini siwezi kukupima vizuri."

Mzee akakohoa. "Mwanangu, huyo mgeni rasmi anaumwa?"

"Hapana, baba. Ni kiongozi."

"Miguu anayo?"

"Anayo."

"Basi mwenye shida na kitanda hiki amekwisha kufika," mzee akasema kwa upole, kama anayeuliza bei ya mbegu. "Ametoka Mikumi tangu asubuhi, na hajala."

Regina akautazama mlango wa mganga mfawidhi, aliyekuwa mkutanoni Morogoro. Halafu akacheka, akaenda kuleta mkasi, akampa Yudith. "Mgeni rasmi, karibu uzindue."

Mzee akatoka, akakaa kwenye benchi na kuupa mlango mgongo. Yudith akakata utepe. Nailoni ikachanwa, Regina akakanyaga pedali, na kitanda kikashuka taratibu hadi kikalingana na kiti. Yudith akafunga breki. Akaweka mikono, mikono iliyozoea kusukuma magurudumu kwenye vumbi, akajisogeza, akalala. Alijisikia raha hata akasahau kidogo kilichomleta.

Regina akapapasa, akaweka kipimo, na mapigo ya mtoto yakasikika chumba kizima, ya mbiombio.

"Kichwa kiko chini. Amekaa vizuri kabisa."

Huko nje mzee alisikika akimshukuru Mungu kwa lugha ya nyumbani.

"Mganga akirudi akauliza?" Yudith akasema.

"Nitamwambia mgeni rasmi aliwahi."

Jioni, wakiwa wamerudi Mikumi, Elia akapiga simu. "Wamesemaje?"

"Kichwa kiko chini. Mwanao yuko salama."

Elia akashusha pumzi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na nani alikubeba?"

Yudith akaupapasa utepe mwekundu aliokuwa ameufunga kwenye mkono wa kiti chake.

"Hakuna," akasema.

Elia akadhani amesikia vibaya. "Hakuna?"

"Hakuna, mume wangu. Nilipanda mwenyewe."