Talaka Isubiri Julai

Mwezi wa tatu Narcisa Quishpe alimfukuza mumewe, na mwezi wa nne akaenda mwenyewe kumbembeleza arudi. Majirani wa mtaa ule wa Castellón wakasema mapenzi yamemzidi nguvu. Mapenzi gani! Kilichomzidi nguvu ni kadi ya ukaazi.

Narcisa alitoka Otavalo, Ekwado, na kazi yake ilikuwa kuchambua machungwa kwenye ghala la kufungashia. Costel, mumewe, alikuwa fundi vigae kutoka Romania, na kwa kuwa Romania imo katika Umoja wa Ulaya, mke alipata kadi ya kuishi Hispania kwa mgongo wa mume. Costel hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Hakupiga wala hakutukana. Ila kila kitu kwake kilikuwa kesho. Alikuwa amebandika vigae kwenye mabafu ya nusu ya mji, na bafu la nyumbani kwake lilikuwa saruji tupu tangu walipohamia. Narcisa alilivumilia bafu. Siku aliyorudi kutoka kazini akakuta Costel amemwazima rafiki yake mashine ya kufulia, "kwa wiki moja tu," uvumilivu ukamwisha.

Akaenda kwa Amparo, wakili aliyekuwa akiwasaidia wafanyakazi wa ghala.

"Talaka utaipata," Amparo akamwambia. "Lakini kadi utabaki nayo ikiwa tu ndoa imetimiza miaka mitatu kabla hatujafungua shauri, na siku hiyo mumeo awe bado anaishi hapa Hispania. Akihama kabla, haki yako inahama naye. Mlioana lini?"

"Ishirini Julai," Narcisa akajibu papo hapo. Angeisahauje siku ile? Wageni mia na themanini, kanisa limejaa ubani, na msimamizi wao analia kuliko bibi harusi.

"Basi miaka mitatu bado kidogo. Vumilia mpaka Julai, kisha uniletee cheti. Na huyo bwana usimwache aondoke."

Ndipo Costel aliporudishwa, akapewa kochi. Narcisa hakumficha kitu.

"Sawa, nitakaa," Costel akasema. "Nitakula?"

"Utakula."

"Na nguo zangu?"

"Utafua kwa mikono yako. Mashine si uliigawa?"

Wiki saba Narcisa alimlinda kama yai. Akikohoa, anachemshiwa tangawizi. Akianza kumtaja mama yake aliyeko Romania, anaongezewa nyama. Mwanamke aliyetaka kuachwa akajikuta anapika kuliko siku za fungate, na usiku akilala anahesabu siku zilizobaki.

Wakati huohuo msimamizi wao, Mama Viorica, alikuwa akiona na kufurahi. Kwa Waromania msimamizi wa ndoa si mtu wa kuja kula pilau la harusi na kwenda zake. Ni mzazi wa pili, na Costel, aliyeweza kubishana na mama yake mzazi kutwa nzima, mbele ya Mama Viorica aliinamisha kichwa. Mama huyo alikuwa na duka la mikate jirani na stesheni, na alikuwa na sauti ya kutisha.

Alhamisi moja, saa nane mchana, aliingia na sufuria la nyama iliyoviringishwa kwenye kabichi, na juu ya mfuniko tiketi ya basi.

"Wanangu mmepatana, Mungu amenisikia!" akasema. "Sasa Costel anaenda nyumbani Romania, kwenye monasteri, akatubu siku arobaini. Kazi huko nimeshamtafutia, nawe utamfuata. Basi linaondoka saa kumi na moja leo."

Narcisa akadakia. "Leo? Mama, aende Agosti basi!"

"Kwa nini Agosti? Dhambi zake zinaiva Agosti?"

Costel alikuwa tayari anatafuta begi. "Costel!" Narcisa akamkaripia. "Sema kitu, wewe mwanaume!"

"Niseme nini? Mama Msimamizi ameshakata tiketi."

Ikabidi Narcisa aseme yote: talaka, kadi, wakili, Julai. Mama Viorica akaketi taratibu.

"Talaka? Mimi niliyewashikia mataji ya harusi kichwani kule kanisani mpaka mikono ikafa ganzi?" Akasimama tena. "Vizuri. Hapo ndipo anapoondoka hasa! Asipokuwepo, tuone utaachana na nani."

"Nitafukuzwa nchini, Mama!"

"Tulia na mumeo, hakuna atakayekufukuza. Na hiyo miaka mitatu unayoisema hujaifikisha. Ndoa ni Julai! Au unataka kuhesabu na ule upuuzi wenu wa manispaa? Mlikwenda saa ya chakula cha mchana, huyu na suruali ya saruji, wewe unanuka machungwa, mkatia saini mkarudi kazini. Ile ndoa ile? Ile karatasi ya serikali!"

Narcisa akalipima neno hilo. Hata kwao Otavalo ndoa ya serikali ni saini tu, harusi ni kanisani. Hakuna anayeiadhimisha siku ya saini. Lakini kadi yake nani aliitoa, padri au serikali?

Akampigia Amparo, akamweleza habari ya basi na ya manispaa.

"Manispaa ndiyo ndoa!" wakili akapaza sauti. "Lini?"

Narcisa hakukumbuka.

"Nne Machi," akasema Costel, ameinamia begi lake. "Saa saba na robo."

"Miaka mitatu ilishapita kabla hujaja kwangu! Mlete sasa hivi, kabla ya hilo basi."

Wakaenda wote watatu, kwa kuwa Mama Viorica alikataa kuachia tiketi na tiketi haikukubali kuachana na Costel. Saa kumi na dakika ishirini Costel alitia saini. Dakika tano baadaye Amparo akamkabidhi Narcisa stakabadhi: shauri limefunguliwa, mume yuko nchini.

Nje, Narcisa akamgeukia Costel. "Tarehe ulikuwa unaijua."

"Naijua."

"Wiki saba umenyamaza?"

"Uliposema Julai nikaona, acha iwe Julai." Costel akajikuna kidevu. "Kochi lile si baya."

"Na basi je? Ungepanda uniharibie!"

"Ningeshukia Barcelona, bado ni Hispania. Linasimama watu wajisaidie. Nilishauliza."

Narcisa alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia. Alimwonea huruma kweli, na bado hakumtaka. Akamwambia hivyohivyo, na Costel akaitikia kwa kichwa, akapanda basi.

Basi likaondoka. Narcisa alikuwa na karatasi yake mkobani, na katika mji ule wote ndugu yake alikuwa mmoja tu, naye amekwenda. Mama Viorica alikuwa amesimama hatua mbili pembeni, amempa mgongo, anapangusa macho kwa kitambaa cha kichwani.

"Nisamehe, Mama," Narcisa akasema. "Najua sasa mimi na wewe..."

"Mimi na wewe nini?" Mama Viorica akageuka kwa ukali. "Umemwacha yeye. Mimi umeniacha wapi? Kuna wakili wa kumwacha msimamizi? Jumapili saa saba uwe mezani kwangu, na usichelewe, mchuzi unapoa."

Hapo ndipo Narcisa alipolia.