Posa ya Siku Isiyo na Upepo

Kaka yangu Engelbert alikuwa hodari wa kuposa, mradi tu upepo wa kusini uwe unavuma.

Huku kwetu Triesenberg, juu ya bonde la mto Rhine, upepo huo hushuka milimani na joto la ajabu. Unakula theluji, unaumiza vichwa, unawatia watu kichaa kidogo. Neno ulilolitamka ukivuma halihesabiwi. Niliwahi kumwita mke wa mwenyekiti mbuzi mbele ya kanisa, na kesho yake akaniletea jibini. Nchi yetu haina bahari, na majirani zetu wote wawili hawana, kwa hiyo hatuna hata wa kumwonea wivu. Upepo wa kusingizia, lakini, tunao.

Engelbert akaugeuza mtaji. Ukianza tu kuvuma, huyo, mbio kwa jirani yetu Regina Gassner, kumwomba waoane. Regina humjibu, "Ni upepo huo, nenda kalale." Naye hurudi ameridhika, maana hajakataliwa. Miaka ikapita hivyo, mimi nampikia. Niliwapenda wote wawili na nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Vuli moja Regina akatangaza kwamba Ijumaa anahamia Ruggell kwa dada yake, moja kwa moja. Ruggell ni mwisho wa nchi, karibu saa nzima kwa basi. Kwetu sisi huko ni ughaibuni.

"Umesikia?" nikamwuliza kaka.

"Nimesikia. Nangoja upepo."

"Upepo gani, mjinga wewe? Ukungu umejaa bonde zima na leo ni Alhamisi! Nenda sasa hivi, na akili zako timamu, hizo chache ulizonazo."

"Akinikataa je, Hedi?"

"Atakuwa amekukataa."

Alinywea pale kitini, mtu mzima mwenye mvi. Moyo uliniuma. Nikamvisha koti, nikamkokota hadi kwa Regina.

Regina alikuwa mlangoni na sanduku lake la safari ya kesho. Akautazama ukungu uliotulia, kisha akamtazama kaka.

"Engelbert? Mbona leo hakuna upepo?"

"Najua."

"Umelewa?"

"Sijaonja kitu. Regina, mimi... ng'ombe wangu..."

"Ng'ombe wako wamefanya nini?"

"Waache ng'ombe! Nakutaka wewe. Usiende Ruggell. Nimekutaka miaka yote hii, hata siku za kawaida."

Nilijiziba mdomo nisipige kelele. Regina akaiva uso, akafungua kinywa ajibu, na papo hapo dirisha likabamizwa. Ukungu ukachanika. Milima ya Uswisi ng'ambo ya mto ikaonekana karibu, kama vile kuna mtu ameisogeza. Joto likatupiga usoni, na huko chini mlinzi wa moto, kama kila upepo huo unapovuma, cheche moja isije ikateketeza kijiji, akaanza kupita nyumba hadi nyumba akipaza sauti, "Zimeni majiko! Zimeni majiko!"

Regina akafunga kinywa. Akaingia ndani, akamwagia jiko maji.

"Nijibu basi," kaka alisema akimfuata.

"Nikujibu sasa hivi, kijiji kizima kiseme ni upepo? Thubutu! Nimelingoja neno hili mpaka nikachoka kungoja. Jibu langu litahesabiwa."

"Lakini ni ndiyo au siyo?"

"Sisemi."

"Huu unaweza kuvuma hadi Jumapili, Regina!"

"Basi kaa hapo kitini mpaka utulie. Viazi vipo, vya baridi. Na vua viatu, unanichafulia sakafu."

Kaka akavua viatu. Regina akanigeukia mimi niliyekuwa nimeduwaa kizingitini.

"Na wewe Hedi, usisimame hapo kama nguzo. Nisaidie kurudisha hili sanduku chumbani."

Lilikuwa zito ajabu. Nililibeba peke yangu, huku nalia.