Kalamu ya Papa Jumaine

Siku ya pili ya uchungu, Élise alipokosa hata nguvu ya kulia, mkunga wa Bulengera alimvuta Rébecca, dada wa Élise, kando ya mlango na kumwambia ukweli. Mtoto amekaa vibaya, lazima mama apasuliwe, na dawa ya usingizi imekwisha Butembo tangu vita vilipofunga barabara ya mpakani. Hospitali ya Beni bado ilikuwa nayo. Rébecca alikuwa mwalimu, mtu wa sauti ndogo, aliyezoea kubadili njia ili asikutane na watu wengi. Asubuhi hiyo alibisha mwenyewe kwenye lango la Papa Jumaine.

Papa Jumaine alikuwa Mwislamu, msafirishaji wa siku nyingi. Askari walikuwa wamemnyang'anya magari mawili, akabaki na Hiace moja tu. Hata hivyo hakusita. Alisema tu kwamba hawezi kuendesha yeye, maana askari wa njiani wanamjua, na wakimwona watajua gari ni zima. Rébecca alijua kuendesha. Alijifunza kwa gari la parokia akipeleka vitabu vya shule.

Mzee akainua kiti cha mbele, maana injini ya Hiace hulala chini ya kiti, akachomoa vali ndogo kama kidole gumba kutoka kwenye raba yake.

"Hii njo inasaidia moteur ipumue," alisema.

Akaitikisa, ikalia kama haragwe ndani ya ganda kavu. Akampa aipulize: pumzi ilipita upande mmoja, upande wa pili ikakataa. Kisha akatoa mfukoni bomba tupu la kalamu. Hiyo ndiyo ilikuwa hila ya wasafirishaji wa Butembo miaka ile. Ukichomeka kalamu mahali pa vali, injini hunyonya oili yake yenyewe, gari hutetemeka na kutoa moshi wa buluu, na hakuna askari wa kizuizini anayetaka gari linalokufa.

"Lakini oili iko kidogo, mwalimu. Kwa barrière, kalamu. Ukishapita, rudisha vali. Ukisahau, moteur itakauka kwa mulima ya Kabasha, na hautapata mutu wa kukusukuma."

Alimfanya arudie mara tatu, akimtania kwamba vidole vya kusahihisha imla vinaogopa uchafu.

Walimlaza Élise nyuma kwenye godoro, kichwa chake mapajani mwa mama yao, Berthe. Kabla ya kizuizi cha Maboya, Rébecca alisimama nyuma ya kona, akainua kiti, akaungua kifundo cha mkono, akabadilisha. Askari walikohoa wakacheka, wakamuuliza kama anachoma mahindi humo ndani, wakamwachia. Alipopita mbali kidogo alisimama tena. Kwa haraka alisahau vali hukaa upande gani. Akaiweka mdomoni, akapuliza, akaonja oili chungu, akajua. Aliirudisha, akachomeka kalamu kwenye nywele zake kama afanyavyo darasani, na gari likapanda Kabasha bila kulalamika.

Karibu na Beni, baada ya kona, walikuta kizuizi ambacho hakuna aliyewaambia habari zake. Hapakuwa na nafasi ya kusimama. Askari mmoja mwembamba aliweka kiganja kwenye mlango, akasikiliza.

"Mama, gari hii inaimba muzuri. Inua kiti."

Rébecca alishuka, akainua. Askari alitazama vali, kisha akatazama kalamu iliyojaa oili kichwani mwake. Alielewa, na Rébecca aliona kwamba ameelewa. Nyuma, Élise alitoa mlio mdogo, kama mtu anayeota. Askari akachungulia dirishani.

Kisha akanyoosha mkono, akachomoa kalamu kwenye nywele za Rébecca, akainama juu ya injini na kubadilisha upesi kuliko Papa Jumaine.

"Nilikuwaka mécanicien, fundi wa magari, mbele ya vita," alisema kwa sauti ya chini. "Chef wetu iko kule kwa pont, anatafuta gari muzima. Usitoe kalamu mpaka hospitali. Oili itatosha kufika."

Aliifuta vali kwa mkono wa shati lake, akaiweka kiganjani mwa Rébecca, akamfumba vidole. Halafu akapaza sauti ili wenzake wasikie, akimwamuru aondoe chuma chake kibovu kabla hakijawaua wote kwa moshi.

Pale darajani mkubwa wao aliziba pua, akawapungia wapite.

Élise alipasuliwa kabla ya saa sita. Alizaliwa msichana, akalia kwa hasira. Berthe aliketi sakafuni kwenye korido akirudia wasingya, asante ya Kinande, hadi muuguzi akamletea maji.

Baada ya siku nne Rébecca alirudisha gari, vali mahali pake, oili mpya aliyopewa na dereva wa hospitali. Njiani alikuwa akipanga maneno ya kumwambia yule askari. Kizuizi kilikuwa kimeondolewa. Yalibaki mawe mawili na majivu. Alishuka, akasimama kati ya yale mawe, akayasema maneno yote hivyo hivyo, kwa sauti ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia.

Papa Jumaine alipofungua lango hakutazama gari. Aliuliza habari za Élise.

"Banapumua, Papa," alisema Rébecca. "Bote wawili."