Pikapu Iliyouzwa kwa Kasoro Zake

Nimeendesha pikapu ya ofisi yetu hapa Mpanda miaka kumi na tisa, na sioni haya kusema kwamba niliipenda. Binti yangu Agape alizaliwa humo, juu ya magodoro ya zahanati tuliyokuwa tunayapeleka Sitalike. Basi tangazo la mnada lilipobandikwa ukutani, mimi nilikuwa wa kwanza kufika kwa Getrude, afisa ugavi, kujiandikisha.

Getrude ni mpole, lakini ukigusa kanuni anakuwa ukuta. Alinisomea masharti taratibu, kidole kikifuata mstari. Gari linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo. Mtumishi wa ofisi haruhusiwi kununua, wala mwenzi wake.

"Mimi nastaafu Desemba," nikamwambia.

"Leo ni Agosti, baba Agape."

"Na likikosa mnunuzi?"

"Linabaki yadi, linangoja mnada wa mwakani."

Mwakani nitakuwa raia kama raia wengine. Nilitoka pale napiga mluzi.

Siku ya ukaguzi nilipangwa mimi kusimama kando ya pikapu na kujibu maswali ya wanunuzi. Getrude alinionya nisidanganye. Sikudanganya hata neno moja, wala sikuwa na haja ya kudanganya. Nilisema ukweli wote, na ukweli wa gari lile ulitosha kumkimbiza mtu.

Erasmus, fundi wa Misunkumilo, ndiye alikuja wa kwanza. Nikamweleza kwamba breki hushika ukikanyaga mara ya pili, gia ya tatu huingia ukiibembeleza, na mvua ikinyesha dereva hulowa goti la kulia tu. Kwenye mlima lazima uzime redio. Kwa nini, hata mimi sijui. Erasmus alinishukuru, akaenda kuangalia meza chakavu. Waliomfuata nao niliwapa dozi ile ile, wakaondoka mmoja mmoja.

Kufika saa sita alibaki Masalu, mfugaji wa Litapunga, mrefu, fimbo begani. Alifungua boneti akaikodolea injini macho kama anayekagua meno ya ng'ombe. Nikamtajia kasoro zote, nikaongeza mbili nilizokuwa nimezisahau.

"Nyingine?" akauliza.

"Hazitoshi hizo?"

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Usiku ule nililala vizuri sana.

Kesho yake dalali alipoitaja pikapu, hakuna aliyetaja bei. Akaita mara ya kwanza. Akaita mara ya pili. Ndipo fimbo ya Masalu ikapanda juu ya vichwa vya watu, na kwa kuwa hakuna aliyeshindana naye, pikapu yangu ikawa yake.

Nilikasirika, nisifiche. Nilimfuata pale pale.

"Mzee, sikukwambia habari ya breki?"

"Uliniambia."

"Na gia?"

"Na gia. Na goti." Alikuwa anatabasamu. "Baba, mimi nimezunguka minada ya ng'ombe tangu kijana. Kila anayeuza, ng'ombe wake hajawahi kuumwa, maziwa ndoo nzima. Kesho yake anakufia njiani. Sijawahi kuona mtu anasimama na mali anaitaja mabaya yake yote, mpaka goti. Nikasema, gari ambalo mtu wake analijua namna hii lilitunzwa. Hilo ndilo la kununua."

Nilikuwa nimeiuza mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, na bila kusema uongo. Iliniuma kweli.

"Nyumbani kwako nani anaendesha?" nikauliza.

"Hakuna. Mke wangu Kabula anaendesha plau." Akaniangalia. "Nyie watumishi mnastaafu lini?"

Nikaelewa anakoelekea, na kifua kikafunguka. Lakini nikakumbuka ukuta. Tulikwenda wote wawili kwa Getrude. Alifungua masharti, akasoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akarudia. Sisi tulisimama kama wanafunzi waliochelewa shule.

"Kununua ndiko kumekatazwa," akasema mwishowe. "Kuendesha gari la mtu mwingine, siku ambayo huna zamu, sijaona kukatazwa humu."

Jumamosi iliyofuata, karatasi za Masalu zilipokamilika, nilikwenda yadi nikiwa na shati la nyumbani. Masalu akakaa upande wa abiria, fimbo katikati ya magoti. Niliwasha, nikasimama getini, na kwa mazoea nikanyoosha mkono dirishani kudai kitabu cha safari nisaini. Mlinzi akacheka, akaniambia hakuna cha kusaini, nipite tu.

Nikapita. Machozi yalinitoka, na Masalu akageuka kutazama mashamba mpaka nilipomaliza.