Kura Juu ya Kocha Boykin

Alhamisi ile ukungu ulipanda kutoka mtoni mapema, jua halijazama bado, ukaingia mjini taratibu kama mtu anayeijua njia. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga kambare, na mkahawa ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Hapa Pemble, Mississippi, kipindi cha redio cha kocha wa mpira wa Kimarekani wa chuo chetu hurushwa kutoka kwangu kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Kocha anakaa meza ya dirishani na sahani yake, Dewitt mtangazaji anakaa mbele yake, na watu wanapiga simu kumsema. Wengine hupiga wakiwa wamekaa meza ya pili, wamempa kisogo.

Msimu huu Kocha Lemuel Boykin alikuwa amefungwa mechi tano kati ya sita. Na si kufungwa tu. Kila mara tulikuwa tunaongoza hadi mapumziko, halafu vijana wakirudi uwanjani wanacheza kama watu walioamshwa usingizini. Mji mzima ulikuwa na maelezo yake. Saluni walisema mke wake amehamia kwa dada yake Memphis. Kanisani walisema ni sukari. Yote niliyasikia, maana yote hupita kwangu, na mengine, nisiseme uongo, yalitoka kwangu yamenenepa.

Sasa, bodi ya chuo ina watu saba, na mimi ni mmoja wao. Watatu walitaka Boykin aondoke jioni ileile, kabla ya Jumamosi ya Kurudi Nyumbani, siku ambayo wahitimu wote hurudi na mahema yao na majiko yao, moshi ukatanda uwanja mzima. Watatu walitaka aachwe amalize msimu. Kikao kilikuwa kifanyike chumba changu cha nyuma, kipindi kikiisha tu. Mwenyekiti wetu ni Dakta Gatewood, aliyeng'oa meno ya nusu ya mji huu kabla ya kustaafu. Alinifuata hadi kwenye karai la mafuta.

"Dada Ozella, imebaki kura yako. Upendeleo wa jikoni uweke kando."

"Dakta, hiyo uliyoshika ni sahani ya pili."

Ukweli ni kwamba nilishaamua kumwokoa Boykin. Siku tuliyomzika mume wangu, alikuja na timu nzima kubeba viti, na hakuna aliyemwomba. Mambo kama hayo mimi sisahau.

Basi kipindi kikaanza, na simu haikulia.

Dewitt akasoma tangazo la duka la matairi. Akalisoma tena. Kutukanwa Boykin alishazoea. Wiki iliyopita mzee mmoja alimwambia kwamba mama yake wa miaka tisini angekimbia na mpira vizuri kuliko wale vijana, naye Boykin akaomba namba ya huyo bibi. Lakini kimya ni kitu kingine. Watu wakikutukana, bado wanakutaka. Walikuwa wanatafuna na kuangalia sahani zao, na ukungu umeegemea kioo nyuma ya kichwa cha kocha, mpaka ikawa kama meza yake imeng'oka sakafuni na inaelea peke yake.

Nikashindwa. Nikapangusa mikono, nikachukua simu ya ukutani ya jikoni. Sisi wa bodi haturuhusiwi kupiga, kwa hiyo nikabana pua.

"Tuna mpigaji," Dewitt akasema, karibu alie kwa furaha. "Jina lako?"

"Mama mmoja tu."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama kupitia dirisha la kupitishia sahani. Hapo ndipo kicheko kikaja. Nikaendelea hivyohivyo, pua nimebana. Nilitaka kumrushia swali jepesi, ajibu vizuri, watu walainike. Nikamuuliza kule chumba cha wachezaji, wakati wa mapumziko, huwa anawaambia nini vijana wetu.

Boykin akaweka uma chini.

"Siwaambii kitu, Mama Mmoja Tu."

Akasema miaka ya kwanza alikuwa anachora ubaoni na kupiga kelele kama makocha wengine. Lakini chumba chao kiko chini ya jukwaa, na bendi ya chuo ikiingia uwanjani ngoma zinapita kwenye zege. Huzisikii kwa masikio, unazisikia kifuani. Mwaka jana siku moja aliwaambia vijana wanyamaze kidogo wasikilize. Tangu hapo wamezoea. Wanakaa sakafuni wote, helmeti mapajani, macho wamefumba.

"Na mimi nafumba," akasema. "Halafu mwamuzi anagonga mlango, na sijui niko wapi. Miaka tisa nipo hapa. Hiyo bendi sijawahi kuiona. Naisikia tu."

Hakuna aliyecheka. Lazima ujue sisi ni watu gani: mapumziko yakifika kwetu hakuna anayekwenda hata chooni. Tunakata tiketi kuiona bendi, na mpira unachezwa tukiisubiri. Mwanamke wa meza ya pili alifumba macho, na wengine wakafumba, mmoja baada ya mwingine, na kwa muda mkahawa wangu wote ukawa chini ya lile jukwaa, unasikiliza kitu ambacho hakikuwa kinapigwa.

Chumba cha nyuma, Dakta Gatewood aliingia anapangusa miwani. Enzi zake alipiga tromboni kwenye bendi hiyohiyo. Akasema mtu wa namna ile hafukuzwi, na wenzake wawili waliotaka kichwa cha Boykin wakakubali kwa sauti za kanisani. Sita wote wakawa upande mmoja. Kilichobaki ni mimi kuinua mkono, twende tukale.

Lakini mimi nilikuwa nimeuona uso wake aliposema hajui yuko wapi. Mume wangu aliendesha lori miaka ishirini. Jioni moja aliniambia siku hizi barabara anaipenda kuliko zamani, inapita yenyewe, anafika mji wa Mobile bila kukumbuka njia. Kesho yake nilimfichia funguo.

"Ninyi mmesikia muziki," nikawaambia. "Mimi nimemsikia mtu anaomba kushushwa."

Nikawakumbusha yule kijana wa ukoo wa Mabry aliyevunjwa mkono robo ya tatu, kwa kuwa mapumziko hakuna aliyemwambia kwamba lile jitu la upande wa pili linatokea kushoto. Wakanikasirikia. Gatewood akasema kama najua sana ya moyoni mwa watu, nikamuulize mwenyewe.

Nikaenda. Ukumbi ulikuwa unapungua. Boykin alikuwa bado dirishani, anauangalia ukungu ukipita chini ya taa ya barabarani.

"Bi Ozella, ile sauti yako ya simu ilikuwa mbaya sana."

"Nilijitahidi." Nikakaa kiti cha Dewitt. "Kocha, unataka kuendelea?"

Akaisogeza sahani yake kando.

"Jumamosi timu atashika nani?"

"Pettway, msaidizi wako."

"Pettway hasikii vizuri sikio la kushoto," akasema. Kisha akafikiri. "Basi anafaa."

Akauliza kama tiketi bado zipo. Nikamwambia ziliisha tangu Agosti, lakini kiti changu kipo, safu ya nane upande wa bendi, na mimi nitakuwa kwenye jiko mchana kutwa. Akauliza kama pale jua linapiga machoni. Nikamwambia linapiga, avae kofia.

Nikarudi chumba cha nyuma, nikafunga mlango. Gatewood alipouliza nani anataka Kocha Boykin aachiwe aende, mkono wangu ndio ulioinuka wa kwanza.