Ziara ya Mheshimiwa

Wazo la likizo lilikuwa langu. Nilikuwa nimehitimu chuo, na wakati ulimwengu ukijiandaa kunipa kazi nilikuwa na nafasi ya kutosha kupanga maisha ya watu wengine. Nikasema familia yote iende mahali penye joto, ufukweni, ili dada yangu apumzike.

Kwamba dada alihitaji kupumzika, hakuna aliyebisha. Anashona sare za shule pale sebuleni: mguu mmoja unakanyaga pedali ya cherehani, mwingine unamzuia mwanawe asimeze vifungo. Tangu ajifungue hajalala usiku mmoja wa kueleweka. Juzi alishona shati lenye kola mbili, akalitazama kwa muda mrefu, akaona liko sawa tu.

Huyo mwanawe tunamwita Mheshimiwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa nasi mwaka na nusu, na siku tuliyompa kijiko tu alikirusha dirishani.

Tukakaa kupanga. Mama alianza na blanketi.

"Mama, tunakwenda kwenye joto."

"Joto ni la mchana. Usiku utamfunika kwa shahada yako?"

Blanketi likapita. Likafuatwa na chandarua, poti ya kujisaidia, na godoro lake, kwa sababu Mheshimiwa halali kwenye godoro la watu. Shemeji, ambaye ni fundi wa majokofu, alijitolea kutengeneza sanduku la kuhifadhi uji usichache njiani. Lilitoka zuri sana. Tatizo ni kwamba mlangoni halikutoka.

Dada aliuliza swali moja tu, pini zikiwa mdomoni. "Na mimi nitafanya nini huko?"

"Utapumzika!" tulimjibu kwa pamoja, kama watu walioulizwa jambo la kitoto.

Kisha Mama akaingiwa na hofu: je, Mheshimiwa akikataa mchanga? Safari nzima, mizigo yote ile, halafu mwenyewe akatae kukanyaga chini? Hapo elimu yangu ikapata kazi ya kwanza. Nikawaeleza kwamba mtu makini haanzi jambo kubwa bila majaribio. Familia nyingine ingecheka. Yangu ilisema, "Jumapili, baada ya chai."

Jumapili shemeji aliomba gunia la mchanga kwa mafundi wanaojenga nyumba ya jirani, akaumwaga juu ya turubai katikati ya sebule. Mama alijaza maji kwenye beseni: hiyo ndiyo bahari. Mimi nilifunga madirisha ili joto lipatikane. Dada tulimlaza kwenye mkeka pembeni, tukamvika miwani ya jua ya mumewe. Kazi yake katika jaribio ilikuwa kupumzika.

Mheshimiwa akaletwa. Alikanyaga mchanga, akaurudisha mguu juu, akatutazama mmoja mmoja kama kiongozi anayetafuta wa kumfukuza kazi. Akalia hadi jirani akachungulia. Halafu mwenyewe akauonja mchanga, akanyamaza.

"Anakula mchanga!" Mama akapiga kelele. "We mama mtu, mwanao anakula mchanga!"

Dada akainuka, akautoa mdomoni kwa kidole, akarudi mkekani.

"Mke wangu, kajilowesha. Nguo zake kavu ziko wapi?"

"Droo ya chini."

"Ya chini kwa wapi?"

Dada akainuka.

Alipolala tena nilimwinamia kwa upendo wangu wote. "Dada, samahani. Umeshapumzika kiasi gani? Nataka kujua kama tunafanikiwa."

Akavua miwani, akakaa kitako.

"Mmefanikiwa," alisema. "Likizo yote nimeshaiona. Ni kazi ileile, imeongezwa mchanga."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nendeni naye. Mimi nabaki."

"Makubwa!" Mama akajishika kiuno. "Mama gani anamwacha mtoto?"

"Simwachi. Nyinyi ndio mnaondoka naye."

"Na akikulilia?" shemeji akauliza.

"Ana baba. Nasikia ni fundi."

Tungecheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa. "Nataka kulala mpaka niamke mwenyewe," alisema. Hakutuomba kingine.

Mimi, mtetezi wa wanyonge wote duniani, nilikuwa nimesimama na koleo la mchanga mkononi, nikitafuta mahali pa kutazama. Mama alichuchumaa. Kisha akaanza kuzoa mchanga kwa viganja, polepole. "Tutakwenda naye sisi," alisema bila kuinua kichwa. "Kwani wewe nilikulea na nani?"

Tukaenda. Joto lilikuwepo kama lilivyoahidiwa. Mheshimiwa aliupenda mchanga wa huko, akaula kwa utulivu. Jioni alimkumbuka mama yake, akaanza kulia kwa kilio kisicho na breki. Shemeji akapiga simu nyumbani. Haikupatikana.

"Kazima," akasema, kwa sauti ya abiria aliyeachwa na gari.

"Usipige tena," Mama akamwambia. "Mbebe."

Akambeba. Akatembea naye ukingoni mwa maji, kwenda na kurudi, nami nikimfuata na taulo. Mtoto alilia, akapiga mateke, akamvuta baba yake sikio, hatimaye akalala begani kwake usingizi wa pono.

"Hivi," shemeji aliniuliza kwa kunong'ona, "dada yako hufanya hivi kila siku?"

"Kila siku. Halafu anarudi kushona."

Nilimnyooshea mikono nimpokee mtoto, akatikisa kichwa, akageuka, akaendelea kutembea naye.