Mjane wa Hadithi ya Mwalimu Benoît

Mwalimu Benoît alitoka Kasaï kuja kufundisha mjini Beni, akapanga chumba kwa Emérence, katika commune ya Beu, sehemu mojawapo ya mji huo. Shida ya Emérence kila jirani aliijua. Mume wake Nzanzu alikwenda Mutwanga kununua kakao. Pikipiki yake ilikutwa imelala kando ya njia, yeye mwenyewe hakuonekana tena. Miaka ikapita. Mama mkwe, Berthe, alikataza matanga: bila mwili hakuna kufiwa. Basi Emérence hakuwa mjane, wala hakuwa na mume. Akiomba kwenda kwa dada yake katika mji wa Kayna, anaambiwa Nzanzu akirudi lazima amkute nyumbani.

Benoît alikuwa akiwafundisha wanafunzi namna hadithi fupi inavyojengwa: mhusika, mandhari, mgogoro, kilele, mwisho. Ili kuwaonyesha, akaandika yake kutokana na shida ya Emérence, na redio moja ya mtaa ikamwita aisome. Jina alilibadili, mji akauhamisha, mwanamke akamfanya muuza maharage; pikipiki iliyolala kando ya njia aliiacha ilivyo. Mwishoni mwanamke huyo alifunga nguo zake, akapanda gari, akaenda zake.

Jumapili baada ya misa Berthe aliisikia. Kabla ya jua kuzama alikwisha kuhamia kwa Emérence na godoro lake, na ufunguo wa lango ukawa wake. Aliamini kwamba Emérence ndiye aliyetunga yote, mwalimu alikuwa mdomo tu.

Familia ya Nzanzu ikamwita Benoît. Alieleza kwa upole kwamba mhusika si mtu, na kwamba anayesimulia ndani ya hadithi si lazima awe mwandishi. Walimsikiliza hadi mwisho. Kisha Berthe akauliza:

“Mwalimu, unasema ule mwanamuke wa ku redio hapana Emérence. Lakini ile pikipiki ku njia, ni ya nani?”



Wakamtaka arudi redioni aisome upya, mwishoni mwanamke abaki nyumbani akingoja mume. Alikubali, akidhani hivyo Emérence ataachiliwa. Kesho yake Emérence alikuwa akifua uani, Berthe ameketi mlangoni akimwangalia. Benoît alipopita na ndoo, Emérence alisema bila kuinua kichwa:

“Usiguse ile mwisho, Mwalimu. Mimi, hawa watu balisha kunifunga. Ule mwanamuke alisha kwenda. Utamurudisha juu ya sababu gani?”

Berthe akakohoa, Benoît akaenda na ndoo yake. Jioni ile aliwaambia wanafamilia kwamba hatabadili kitu. Hawakupaza sauti. Walimwambia tu atafute nyumba nyingine.

Siku ya kuhama, aliomba kumuaga Emérence. Berthe alijibu kwamba yuko jikoni anasonga foufou, hawezi kuacha moto. Benoît aliita jina lake mara moja. Mwiko ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea. Berthe akamfungulia lango, akangoja atoe sanduku la mwisho, akafunga.

Hadi leo Emérence yuko mle ndani. Kwa dada yake, Kayna, hajafika.